Orijino au Nakala? Mwongozo Kamili wa Kumiliki Gari la Spoti la Zamani Nairobi

Kila nikiingia kituo cha mafuta Ngong Road na Speedster yangu, kijana wa pampu huuliza swali lile lile kabla hata hajafungua kifuniko cha tangi: "Mzee, hii ni orijino?" Namwambia ukweli. Si orijino, ni nakala ya Porsche ya zamani, na chini yake kuna Volkswagen Beetle. Wengine hucheka, wengine huvunjika moyo, na mmoja aliwahi kuniambia, "Kumbe ni Beetle iliyovaa suti." Sikukasirika. Ndivyo ilivyo, na suti yenyewe ilishonwa Kariobangi na fundi wa faibaglasi aliyezoea bampa za matatu.

Mwongozo huu ni wa mtu wa Nairobi ambaye amekuwa akitazama picha za Cobra na Porsche za zamani usiku, na sasa ameweka akiba kidogo na anataka kujua aanzie wapi. Msimamo wangu nautoa mapema. Hapa kwetu kinachoamua kama gari la aina hii litakupa raha au litakaa gereji miaka mitano ni logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, kabla ya bodi na kabla ya injini. Nitakurudisha kwenye karatasi mara nyingi kuliko utakavyopenda.

HATUA YA 1: AMUA KAMA UNATAKA KUTUNZA AU KUENDESHA

Ferrari 250 GTO ziliundwa 36 tu, kati ya 1962 na 1964. Moja iliuzwa kwenye mnada Marekani mwaka 2018 kwa zaidi ya dola milioni 48. Cobra nazo, zile za Mmarekani Carroll Shelby aliyechukua bodi ya kampuni ya AC ya Uingereza mwaka 1962 na kuitia injini ya V8 (silinda nane) ya Ford, zilikuwa takriban elfu moja. Ile ya kwanza kabisa iliuzwa dola milioni 13.75 mwaka 2016. Gari la bei hiyo huliachi nje ya duka ukanunue maziwa.

Kwa hiyo ukiona Cobra Nairobi inauzwa kwa bei ya Land Cruiser iliyotumika, usipoteze muda kuuliza kama ni orijino. Nakala za Cobra duniani ni nyingi mno kuliko Cobra zenyewe. Hakuna aibu katika hilo. Aibu ni ya anayeficha.

Orijino inakupa historia, na historia ina masharti yake: hubadilishi injini ovyo, huichovyi rangi uliyoota usiku, na kila kilomita unayoendesha inakuuma rohoni. Nakala inakupa umbo, sauti na upepo usoni, na ukiigonga kwenye tuta unaita fundi, huiti wakili. Chagua kipi kitakufurahisha Jumapili asubuhi. Ukishindwa kuchagua, kuna njia ya tatu ambayo watu huisahau: orijino ya kawaida. MGB, gari dogo la spoti la Uingereza, iliundwa kuanzia 1962 hadi 1980, zaidi ya 500,000, na vipuri vyake bado vinatengenezwa Uingereza, hata bodi nzima mpya unaweza kuagiza. Halafu kuna Datsun 240Z, ambayo kwetu ina sababu ya ziada ya kupendwa. Edgar Herrmann alishinda nayo Safari Rally mwaka 1971, na Shekhar Mehta akashinda nayo 1973. Nadhani nusu ya watu wanaotafuta nakala ya Cobra wangefurahi zaidi na MGB yenye karatasi safi, lakini hawanisikii.

HATUA YA 2: IJUE MIFUPA YA NAKALA UNAYOITAKA

Kila nakala ina mifupa ya gari jingine. Ukiijua mifupa, unajua spea utazipata wapi na fundi gani ataielewa.

Nakala za Lotus Seven ndizo rahisi kuliko zote. Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, alianza kuuza Seven mwaka 1957, na wengi waliinunua vipande vipande kwa sababu Uingereza ya wakati huo ilitoza kodi gari kamili lakini si seti ya kuunganisha mwenyewe. Husimuliwa kwamba sheria ilikataza kumpa mnunuzi maelekezo ya kuunganisha, basi Lotus wakampa maelekezo ya kulifungua gari, ayasome kutoka mwisho kurudi mwanzo. Mwaka 1973 kampuni ya Caterham ilichukua haki za kuiunda, na inaiunda hadi leo. Ni fremu ya mabomba, alumini kidogo, viti viwili, kilo 500 na ushei. Haina milango ya maana wala paa la kuaminika. Mvua ya Aprili itakufundisha.

Nakala za Porsche 356 Speedster hukaa juu ya sakafu ya Beetle. Kitu cha kukumbuka ni kwamba Beetle ina urefu wa milimita 2,400 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, Porsche ina 2,100. Ili nakala ikae sawa, sakafu inakatwa milimita 300 katikati na kuunganishwa upya. Nitarudi hapo, maana hapo ndipo nilipotoa jasho.

Nakala za Cobra zinataka V8, fremu nzito na mfuko mzito. Seti nyingi za Marekani zina usukani kushoto, na hilo kwetu ni ukuta. Tazama Afrika Kusini badala yake. Wenzetu kule huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, na wana viwanda vinavyojulikana duniani kwa nakala: Superformance na Backdraft kwa Cobra, Birkin kwa Seven.

Nakala za Ferrari na Lamborghini za kisasa, zile za Toyota MR2 iliyobandikwa bodi, sizishauri kabisa. Kampuni hizo hufuata haki zao hadi vichochoroni. Mwaka 2019 polisi wa Brazil walivamia karakana iliyokuwa ikiunda Ferrari na Lamborghini bandia na kuifunga. Kenya nayo ina sheria ya bidhaa ghushi tangu 2008. Kwa nakala yoyote, hata ya kizamani, acha nembo. Yangu haina neno Porsche popote.

HATUA YA 3: KARATASI KABLA YA BODI

Soma hatua hii mara mbili.

Kuna njia tatu za gari kama hili kupata nambari halali Nairobi, na kila moja ina mlango wake.

Njia ya kwanza ni kununua gari ambalo tayari limesajiliwa hapa nchini, liwe orijino au nakala. Hii ndiyo ninayoipendekeza. Fungua akaunti yako ya NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia eCitizen, omba rekodi ya gari kwa ada ndogo, kisha linganisha kila kitu: jina la mwenye gari, nambari ya chasisi, nambari ya injini, aina ya bodi, rangi, mwaka. Tazama pia kama kuna benki au mkopeshaji aliyeshikilia logibuku. Ukiambiwa gari limekuwa Kenya tangu enzi za Mzee Jomo, angalia nambari zake. Magari ya kabla ya 1989 yalikuwa na herufi tatu na tarakimu, bila herufi ya mwisho. Gari la "tangu 1968" lenye nambari ya KB na herufi mwishoni lina hadithi ya kueleza, huenda ya halali kabisa, lakini ielezwe kwa maandishi.

Njia ya pili ni kuagiza gari kamili kutoka nje. Hapa unakutana na KEBS, shirika la viwango. Gari lililotumika halikubaliwi likizidi miaka 8, na gari la usukani wa kushoto halisajiliwi kwa matumizi ya kawaida. Jaguar E-Type ya 1965 iliyoko Birmingham haipiti kwenye mlango huo. Dalali atakuambia kuna mlango wa nyuma kwa magari ya kale. Mjibu kwamba utafurahi kuuona, ukiwa kwenye barua yenye muhuri wa KEBS na nyingine ya NTSA, zenye nambari ya chasisi ya gari hilo hilo, kabla hujatuma hata shilingi. Gari likikwama bandarini Mombasa, gharama za kulihifadhi huhesabiwa kila siku, na hazijali ndoto zako.

Njia ya tatu ni kuunda. Ukiunda juu ya gari lililosajiliwa, kama mimi na Beetle, unabaki na nambari ya chasisi ya gari hilo na logibuku yake, kisha unaripoti mabadiliko ya bodi, rangi na injini ili yaandikwe. Gari hupelekwa kukaguliwa na rekodi husahihishwa. Ukiunda fremu mpya kabisa, kama ya Seven, huna chasisi yenye historia yoyote, na hiyo ni safari ndefu zaidi. Nenda NTSA na michoro yako kabla hujakata bomba la kwanza, uulize kwa maandishi, ujibiwe kwa maandishi. Nawajua waliofanya kinyume. Mmoja ana Seven nzuri ajabu, na kuku wake wanalala ndani.

Kuna njia ya nne ambayo mafundi watakunong'onezea: kununua logibuku ya gari lililokufa na kugonga nambari yake kwenye fremu mpya. Huo ni uhalifu. Usiguse.

Kosa langu mwenyewe lilikuwa dogo, na lilinila miezi kumi na minne. Niliipata Beetle kwa mama mmoja Buruburu. Gari lilikuwa la marehemu mumewe. "Chukua tu, mwanangu," akaniambia, "karatasi tutamaliza baadaye." Nikachukua. Kumbe familia haikuwa imefungua kesi ya mirathi, watoto wawili walikuwa nje ya nchi, na bila msimamizi wa mirathi hakuna mtu mwenye mamlaka ya kuniuzia. Nilikuwa nimeshakata sakafu. Nikakaa na nusu mbili za gari ambalo kisheria halikuwa langu, nikimpigia mama simu kila mwisho wa mwezi kumjulia hali, naye akijua vizuri kwamba si hali tu niliyotaka kujua.

HATUA YA 4: PIGA HESABU YA KWELI

Bei ya seti kwenye tovuti ya Uingereza ni mwanzo tu. Ongeza usafirishaji, na kumbuka bodi ya faiba ni nyepesi lakini inajaza kontena, nawe unalipia nafasi. Ongeza bima ya baharini. Kwa jumla hiyo hutozwa ushuru wa forodha, na bidhaa ikitozwa ushuru wa bidhaa, huo huhesabiwa juu ya jumla mpya, halafu VAT ya asilimia 16 huja juu ya vyote. Ni ushuru juu ya ushuru, pamoja na ada za forodha na reli. Mwite wakala wa forodha aliyesajiliwa, mpe orodha ya vitu, na mwambie akupe hesabu kabla ya kuagiza.

Kuna kitu kinachotusaidia, nacho ni mikono ya jua kali. Kazi ya kuchomelea, kupaka faiba, kushona viti na kupiga rangi hapa ni nafuu sana ukilinganisha na Ulaya, na ubora upo ukijua pa kuutafuta. Kwa hiyo agiza kutoka nje vile tu visivyoundika hapa: kioo cha mbele, fremu ya kioo, taa maalumu, pengine usukani. Vingine tengeneza Nairobi. Injini na giaboksi tafuta kwenye nosikati, ile nusu ya mbele ya gari iliyokatwa Japani, ambayo huuzwa hapa mjini na kila kitu kikiwa bado kimeshikana: injini, giaboksi, waya, kompyuta yake na rejeta. Waya na kompyuta ndiyo sababu ya kununua nosikati. Injini ya peke yake ni nusu ya dawa.

Orodha ya matumizi iandike kwenye daftari, na kila kitu kipe nusu tena ya bei unayoifikiria. Sikufanya hivyo. Nakala ukishaiuza hairudishi gharama zako, hilo likubali kabla hujaanza. Orijino yenye karatasi na nambari zake za kuzaliwa hushikilia bei na mara nyingi hupanda. Kama unatafuta uwekezaji, nunua orijino au nunua shamba.

HATUA YA 5: KUKAGUA ORIJINO

Nenda mchana, gari likiwa kavu na baridi. Muuzaji aliyewasha injini kabla hujafika ana kitu anachoficha, mara nyingi ugumu wa kuwaka.

Beba sumaku iliyofungwa kitambaa. Ipitishe kwenye vizingiti chini ya milango, kwenye matao ya magurudumu na pembe za chini za mbawa. Inaposhika ni chuma, inapoteleza ni puti. MGB ikila kutu kwenye vizingiti ni jambo zito, kwa sababu haina chasisi ya kando, vizingiti ndivyo vinavyolishika gari lisipinde. Fungua na kufunga milango yote miwili ukitazama mianya. Mwanya ulio mpana chini na mwembamba juu unakuambia gari limebonyea katikati kama ng'ombe mzee. Gari lililoishi Mombasa chunguza mara mbili, chumvi haina huruma.

Kisha nambari. Kwa MG na magari mengine ya Uingereza, hifadhi ya kumbukumbu iliyoko Gaydon, Uingereza, hutoa cheti kinachoonyesha lini gari liliundwa, rangi yake, nambari ya injini na lilikopelekwa. Kwa Datsun 240Z kuna mtego mzuri wa kumkamata mwongo: nambari inayoanza na HLS30 ni ya usukani kushoto, HS30 ni ya kulia. Ukikuta usukani uko kulia na nambari ni HLS30, basi gari liligeuzwa, na mwenye kukuambia "limekuwa hapa tangu Safari ya Mehta" anakuuzia hadithi.

Na valvu. Petroli yenye madini ya risasi iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006. Injini za zamani za Uingereza zilitegemea risasi hiyo kulinda makao ya valvu. Uliza kama kichwa cha injini kimewekwa makao magumu. Kama hakijawekwa, iingize gharama hiyo kwenye hesabu yako, haikuzuii kununua.

Jamii ya watu wa kuuliza ipo. Africa Concours d'Elegance, mashindano ya urembo wa magari, imekuwa ikifanyika Nairobi tangu 1970, na siku hiyo kwenye Racecourse ya Ngong Road utakuta wazee wanaojua kila MG na kila Alfa Romeo iliyopo nchini, nani aliinunua, nani aliigonga. Nenda na kofia na masikio. Usiende na mdomo.

HATUA YA 6: KUKAGUA NAKALA ILIYOUNDWA NA MTU MWINGINE

Hapa sumaku haina kazi. Lala chini na tochi. Tazama machomeleo, yawe na mistari iliyolingana, bila matundu na bila mabonge kama kinyesi cha mbuzi. Tazama sehemu ambapo bodi ya faiba imefungwa kwa bolti. Nyufa ndogo zilizotapakaa kama utando wa buibui maana yake ni kwamba bodi inabeba mzigo usio wake. Kwa nakala ya Beetle, nambari ya chasisi imegongwa kwenye handaki la katikati, mahali palipokuwa chini ya kiti cha nyuma. Isome kwa macho yako, ilingane na logibuku. Kama imefunikwa na zulia lililogundishwa, omba ruhusa ulibandue. Akikataa, muage uondoke.

Miradi iliyoachwa nusu ndiyo inayouzwa rahisi, na ndiyo inayoumiza. Mtu akikuambia imebaki asilimia 10, jua imebaki nusu, kwa sababu kilichobaki ni waya, vioo, milango inayofunga vizuri na karatasi, na hivyo ndivyo vilivyomshinda. Hesabu vipande vyote kabla ya kulipa. Kikikosekana kioo cha mbele, punguza bei bila huruma.

HATUA YA 7: KUUNDA MWENYEWE, KWA MPANGILIO

Ukiamua Seven, fremu yake kwa kawaida ni mabomba ya mraba ya inchi moja, geji 16, yaani unene wa takriban milimita 1.6. Ndiyo mabomba yale yale ya mageti yetu, yanapatikana duka lolote la vifaa vya ujenzi. Ila nenda na kipimo. Nimewahi kuuziwa "geji 16" iliyokuwa nyembamba kama kopo la maziwa. Lango litasimama, gari halitasimama.

Fremu iundwe juu ya meza iliyonyooka kweli kweli, imepimwa kwa pima maji pande zote. Shika kwanza mabomba yote kwa vitone vya kuchomelea, pima pembe kwa pembe, kisha ndipo uchomelee kikamilifu ukirukaruka kutoka upande huu kwenda ule, ili joto lisivute fremu. Usikubali welding ya stiki kwenye bomba jembamba, tumia MIG, ile ya waya na gesi. Fundi wangu wa kwanza alikuwa bingwa wa mageti na alichukizwa nilipomwambia hivyo. "Bosi, nimechomelea nusu ya Umoja," akasema. Ni kweli, na mageti yake bado yamesimama. Lakini sakafu ya Beetle yangu ilipinda milimita 8 baada ya kukatwa zile 300, gurudumu moja la nyuma likawa mbele ya mwenzake. Ikabidi ikatwe tena na mtu mwenye jigi, kifaa cha kushikilia vipande visisogee. Na ukikata sakafu, usisahau vinavyopita ndani yake: kijiti cha gia, kebo za handibreki na klachi, bomba la mafuta na la breki. Vyote vinafupishwa.

Faibaglasi ina tabia zake Nairobi. Huanza koti la nje la rangi kwenye kalibu, kisha mikeka ya nyuzi na resini safu baada ya safu, mpaka milimita 3 au 4. Kigandisho huwekwa kidogo, asilimia 1 hadi 2 ya resini. Mchana wa Februari resini huganda mikononi, asubuhi ya Julai inakataa kuganda. Fundi mzuri hubadilisha kipimo kufuata jua. Ukitaka kutoa kalibu kwenye gari la mtu, muombe ruhusa, na umwachie gari lake likiwa safi.

Mpangilio wa kazi ni huu, na kila aliyeukiuka amepiga rangi mara mbili. Fremu isimame kwanza kwenye magurudumu yake. Kisha injini na giaboksi vikae mahali pake bila kufungwa kabisa. Usukani na breki vifuate, breki ziwe za mizunguko miwili, ili bomba moja likipasuka ubaki na nyingine. Bodi ivishwe bila rangi, milango irekebishwe. Halafu waya. Gari litembee uani, lipige honi, lisimame. Ndipo ulifungue lote tena, upige rangi na uliunganishe kwa mara ya mwisho. Mikanda ya usalama ifungwe kwenye chuma cha fremu, kamwe isifungwe kwenye faiba.

HATUA YA 8: LIFUNDISHE NAIROBI

Mji huu uko takriban mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyembamba, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu ya sita ya nguvu zake. Kabureta iliyopangwa Uingereza hapa humwaga petroli nyingi: plagi nyeusi, harufu, moshi. Punguza jeti kuu, au badilisha sindano kama ni kabureta za SU. Lakini ukipanga kwenda Mombasa kumbuka kurudisha, kwa sababu huko chini hewa ni nzito na mchanganyiko wako utakuwa mkavu, na injini kavu kwenye joto la Mtito hutoboa pistoni.

Matuta yetu hayakuchorwa na mtu aliyewahi kuona Lotus. Acha angalau sentimita 14 chini ya gari, weka sahani ya kulinda sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na chagua magurudumu ya inchi 15 yenye matairi manene kidogo. Bomba la mwisho la ekzosti ndilo hugonga kwanza, lipitishe juu kadiri uwezavyo. Kwenye Cobra mabomba hupita kando, na kila mwenye Cobra ana kovu kwenye ndama ya mguu. Mwonye abiria wako.

Foleni ya Mombasa Road ni mtihani wa rejeta. Weka feni ya umeme yenye swichi ya mkononi. Na tambua kwamba huonekani. Ford GT40 ilipewa jina lake kwa kimo chake, inchi 40, mita moja na kidogo. Dereva wa matatu akikaa juu ya kiti chake hakuoni kabisa, anaona paa la gari lililo mbele yako na anadhani pengo ni lake. Honi yangu ni ya lori.

HATUA YA 9: BIMA

Bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria. Ukitaka bima kamili, peleka gari likapimwe thamani, AA ya Kenya, chama cha wenye magari, hufanya kazi hiyo, na sisitiza thamani iliyokubaliwa iandikwe kwenye mkataba. Sema wazi kwamba ni nakala, na ni nakala ya nini juu ya nini. Ukificha, siku ya ajali mtathmini ataiona Beetle kabla ya kuona Porsche.

HATUA YA 10: SAFARI YA KWANZA

Chagua Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi, kavu. Toka na mtu mwenye gari la kawaida nyuma yako, mwenye kamba ya kuvuta. Usipande Expressway siku ya kwanza, ukizima pale huna pa kusogea. Mimi huanza Ngong Road, naingia Karen, nashuka Magadi Road hadi Kiserian na kurudi. Beba maji lita tano, fyuzi, mkanda wa feni, kebo ya klachi, waya, koleo, kizima moto na nakala ya logibuku.

Simama baada ya kilomita 20 uguse kila gurudumu kwa kiganja. La moto kuliko wenzake lina breki inayokamata au beringi iliyokazwa mno. Tazama chini kama kuna tone. Ukifika nyumbani, acha gari lipoe, chukua spana, kaza upya kila nati uliyoifunga kwa mikono yako, ukianzia magurudumu, usukani, mikono ya chini, sehemu za injini. Rudia ukifika kilomita 100, kisha 500. Yangu, kwenye ile ya 100, ilikuwa imelegeza nati tatu, na mojawapo ilikuwa ya usukani.